Kuagiza Gari Lililotumika Kutoka Japani: Unachonunua ni Namba ya Chesisi

Anayeagiza gari kutoka Japani hutuma akiba ya miaka kadhaa kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa ajili ya gari ambalo hajaligusa wala kulisikia likinguruma, kisha hukaa wiki sita, nane au zaidi akingoja meli. Tunajua maana ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapa gunia lenyewe liko ng'ambo ya bahari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya magari tunayopishana nayo kila siku, kuanzia Vitz na IST za mijini hadi Noah zinazobeba abiria wa vijijini, yalifika kwa njia hiyo hiyo. Sababu ya Japani kuwa soko letu si siri: wao kama sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wao uko kulia, na ukaguzi wa lazima wa magari nchini kwao, uitwao shaken, una gharama inayowafanya wamiliki wengi wauze gari likiwa bado na umri mrefu wa kutumika.

Nimewasaidia ndugu na majirani zangu kuagiza magari, na nimeshuhudia furaha na machozi. Kutokana na hayo nimejifunza jambo moja ambalo nataka msomaji alishike kabla ya kufungua tovuti yoyote: hununui picha, hununui jina la modeli, unanunua namba ya chesisi. Picha inaweza kuazimwa kutoka kwenye tangazo la mtu mwingine na maelezo yanaweza kutungwa, lakini namba ya chesisi imegongwa kwenye bati la gari, na inapaswa kuonekana ile ile, herufi kwa herufi, kwenye karatasi ya mnada, kwenye ankara, kwenye cheti cha kufutwa usajili Japani, kwenye cheti cha ukaguzi, kwenye hati ya meli, kwenye tamko la forodha na hatimaye kwenye kadi ya gari. Maelekezo yanayofuata ni ya kuifuata namba hiyo kutoka Japani hadi nyumbani kwako, na nimeyaandika nikiwa na mnunuzi wa Tanzania akilini.

Anza na kodi

Watu wengi huanza kwa kupenda picha, wakaona bei ya dola elfu mbili, wakafurahi, kisha wakashtuka gari likiwa tayari bandarini. Anzia mwisho. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo cha kodi ya magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Unaingiza aina ya gari, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka na ukubwa wa injini, nacho kinakuonyesha thamani ambayo TRA inaitambua pamoja na kodi zote. Zingatia neno hilo: thamani ambayo TRA inaitambua. Kodi haikokotolewi kwa bei uliyopatana na muuzaji iwapo bei hiyo iko chini ya thamani iliyomo kwenye mfumo wao, kwa hiyo kupata gari kwa bei ya kutupa hakupunguzi ushuru, na kumwomba muuzaji aandike bei ndogo kwenye ankara ni kosa la kisheria lisilokusaidia chochote.

Ili uone uzito wa umri wa gari, chukua mfano wa gari lenye injini ya cc 1298 ambalo thamani yake ya kiforodha, yaani bei pamoja na bima na nauli ya meli, ni dola 3,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, sawa na dola 750. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1001 na 2000 ni asilimia 5 ya jumla ya thamani na ushuru huo, dola 3,750, yaani dola 187.50. Gari likiwa limezidi miaka 10 tangu kutengenezwa, huongezwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 ya jumla hiyo hiyo, ambao hapa ni dola 1,125. Kisha juu ya vyote hivyo hukaa VAT ya asilimia 18, dola 911.25. Jumla inakuwa dola 2,973.75, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Gari lile lile, kwa thamani ile ile, lisingekuwa na uchakavu, lingelipiwa dola 1,646.25. Baada ya hapo zipo tozo ya reli, ada ya forodha na gharama za usajili. Viwango hivi hupitiwa katika kila bajeti inayoanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo rudia kukokotoa siku ile ile unayotaka kulipa, na kama gari litafika baada ya Julai, acha akiba kwa ajili ya mabadiliko.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini gari la bei ya juu kidogo lakini lenye umri mdogo linaweza kukugharimu fedha chache zaidi kufika nyumbani kuliko gari la bei ya chini lililozeeka. Ndiyo maana pia magari ya cc zisizozidi 1000, kama Passo ya cc 996, yanapendwa na wanaoanza: ushuru wa bidhaa kwao ni sifuri. Msomaji wa Kenya ana hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa huko gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia, na Uganda imezuia yaliyozidi miaka 15. Anayeagiza kupitia Dar es Salaam kwenda nchi jirani afuate sheria ya nchi gari linakokwenda, si ya bandari linakopita.

Kuhusu modeli sitasema mengi, kwa sababu kila mtu ana mahitaji yake. Mwulize fundi unayemwamini, katika mji unaoishi, ni injini gani anazijua na vipuri vyake vinapatikana wapi. Mafundi wengi watakuambia uepuke Toyota za injini ya D4, zile ambazo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa kuwa hazivumilii mafuta machafu na matengenezo ya kubahatisha. Watakuambia pia kwamba gari la haibridi ni zuri hadi siku betri yake kubwa inapochoka. Wasikilize, maana wao ndio watakaoishi na gari lako.

Mjue muuzaji kabla ya kulijua gari

Kampuni halali ya Japani ina alama zinazoweza kuhakikiwa ukiwa umekaa kitini mwako. Ya kwanza ni namba ya kampuni yenye tarakimu 13 inayotolewa na mamlaka ya kodi ya taifa ya nchi hiyo, na ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta bure kwenye tovuti yao ya umma akaona jina na anwani iliyosajiliwa. Ya pili ni leseni ya kufanya biashara ya bidhaa zilizotumika, iitwayo kwa Kijapani kobutsusho, ambayo hutolewa na tume ya usalama wa umma ya mkoa na huwa na namba ya tarakimu 12. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukimwomba namba hizi. Ya tatu ni uanachama katika JUMVEA, jumuiya ya wasafirishaji wa magari yaliyotumika ya Japani. Kutokuwa mwanachama si ushahidi wa utapeli, lakini anayedai ni mwanachama na jina lake halimo amejieleza mwenyewe. JETRO, shirika la serikali ya Japani la kukuza biashara ya nje, nalo limekuwa likitoa tahadhari kwa wanunuzi wa nje kuhusu utapeli wa magari, na ni vyema kuzisoma.

Chukua picha za gari lililotangazwa na uzitafute kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe. Ukiikuta IST ile ile, kwenye sakafu ile ile ya zege, ikiuzwa na kampuni tatu kwa bei tatu, usihukumu haraka, maana wapo mawakala wanaotangaza gari ambalo bado liko mikononi mwa mwingine. Lakini hapo ndipo unapoomba picha mpya: namba ya chesisi ilivyogongwa kwenye bati la gari, si ile ya kibandiko peke yake, pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina lako na tarehe ya siku hiyo kikiwa pembeni. Mwenye gari mkononi hupiga picha hiyo kwa dakika tano. Asiyekuwa nalo atakuletea maneno.

Namba yenyewe inasema mengi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana alama ya modeli, kisha kistari, kisha tarakimu. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, kwa mfano, ikiwa ya cc 1300 huanza na NCP60, na ya cc 1500 isiyo ya 4WD huanza na NCP61. Tangazo likisema cc 1300 na chesisi ikaanza na NCP61, kuna mtu amekosea au anakudanganya, na kodi yako itafuata ukweli wa chesisi. Ukishaipata namba, iingize pia kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyotengeneza gari, ambako huonyesha kama gari liliitwa kurudi kiwandani kwa kasoro na kama kasoro hiyo ilirekebishwa. Hili silisemi kama jambo la ziada. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, kampuni iliyofilisika mwaka 2017, iliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya Kijapani, na kemikali yake huharibika zaidi penye joto na unyevunyevu wa muda mrefu, yaani hali ya hewa ya pwani yetu hasa. Mfuko ulioharibika unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Kama kumbukumbu zinaonyesha haukubadilishwa, mwambie muuzaji aupeleke ukabadilishwe kabla gari halijaondoka Japani, maana huko marekebisho hayo hufanywa bila malipo.

Karatasi ya mnada

Magari mengi tunayoyaona kwenye tovuti yamenunuliwa na muuzaji kwenye minada ya ndani ya Japani, ambayo mkubwa kuliko yote unaitwa USS, na ambako mtu wa kawaida haruhusiwi kununua. Kila gari linaloingia mnadani hukaguliwa na mtaalamu wa mnada, naye hujaza karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi bora zaidi utakaoupata kuhusu gari lako, kwa sababu iliandikwa na mtu asiye na sababu ya kukubembeleza wewe. Iombe mapema, iombe ikiwa nzima, na uikatae nakala iliyokatwa pembeni au iliyofunikwa sehemu ya maelezo kwa kisingizio cha siri ya biashara.

Juu yake utaona daraja la jumla. Magari mapya au yanayokaribia upya hupewa S, 6 au 5, lenye 4.5 ni gari safi sana, 4 ni zuri lenye dalili za kawaida za matumizi, 3.5 lina mikwaruzo na mabonyeo ya kuonekana, na 3 linahitaji kazi. R au RA inamaanisha gari limewahi kupata ajali iliyogusa mifupa yake na likatengenezwa. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kwa Wajapani historia ya ukarabati huhesabiwa pale tu muundo unaolibeba gari, yaani fremu na nguzo zake, ulipoguswa. Mlango au bampa iliyobadilishwa haiingizi gari kwenye R. Kwa hiyo gari lisilo na R laweza kuwa limebadilishwa milango miwili, na utaiona habari hiyo kwenye mchoro ulio chini ya karatasi.

Mchoro huo unaonyesha gari kama limekunjuliwa, na juu yake kuna herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni alama ya mawimbi iliyobaki baada ya kunyoosha bati, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni sehemu inayohitaji kubadilishwa, na XX ni iliyokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa, moja ikiwa ndogo. A1 nne au tano kwenye gari la miaka 12 zisikunyime usingizi. S na C ndizo za kuogopa.

Niseme zaidi kuhusu kutu, kwa kuwa ndiyo iliyotuumiza katika familia. Mikoa ya kaskazini ya Japani, kama Hokkaido na Aomori, na ile inayopakana na bahari upande wa magharibi kama Niigata, hupata theluji nyingi, na katika baadhi ya barabara hizo hunyunyizwa chumvi au kemikali ya namna hiyo ili barafu iyeyuke. Gari lililoishi huko linaweza kung'aa juu kama limetoka dukani huku chini likiwa limeliwa. Mjomba wangu aliagiza gari la familia ambalo picha zake 30 zilionyesha rangi, viti na dashibodi, wala hapakuwa na picha hata moja ya chini. Lilipofika, fundi alilipandisha kwenye jeki, akagusa bomba la ekzosi likamegeka mkononi mwake, na mabomba ya breki yalikuwa yamevimba kwa kutu. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alijibu kwamba gari liliuzwa lilivyo, na kwa maandishi yaliyokuwa kwenye ankara alikuwa na haki. Tangu siku hiyo picha za chini ya gari ndizo ninazoziomba mwanzo: mabomba ya breki, miguu ya shokapu, sehemu za kuwekea jeki, na ukingo wa ndani wa matao ya magurudumu. Naomba pia video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, na kamera ikiuonyesha moshi.

Kuhusu kilomita, usidanganywe na udogo wake. Magari ya watu binafsi Japani hupitia shaken ya kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, na usomaji wa odometa huandikwa. Cheti cha kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje hubeba usomaji huo, kwa hiyo ulinganishe na kilichoandikwa kwenye karatasi ya mnada na kinachoonekana kwenye picha ya dashibodi. Namba hizo zikipanda kwa mwendo unaoeleweka, ziamini. Mimi binafsi ningechagua gari la daraja la 4 lenye kilomita 110,000 zinazothibitika kuliko lenye 45,000 ambazo hakuna karatasi inayozitetea.

Utakutana pia na miaka ya Kijapani. Herufi H ni enzi ya Heisei, nayo huongezewa 1988, hivyo H22 ni 2010. R ni Reiwa, huongezewa 2018, hivyo R3 ni 2021. Kumbuka kwamba tarehe hiyo kwa kawaida ni ya kusajiliwa kwa mara ya kwanza, na mwaka wa kutengenezwa unaweza kuwa wa nyuma yake. Kwa gari lililo ukingoni mwa miaka 10, miezi hiyo michache ndiyo inayoamua kama utalipa uchakavu mkubwa, kwa hiyo hakikisha mwaka wa kutengenezwa kwa kutumia chesisi kabla hujalipa.

Malipo

Ankara utakayotumiwa iwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho na TIN yako, namba ya chesisi, bei ikiwa imegawanywa kati ya gari, nauli ya meli na bima, bandari ya kufikia, na sharti linaloeleza nini kitatokea gari likigundulika kuwa si lile. Elewa tofauti ya maneno haya: bei ya FOB inaishia gari linapopakiwa melini Japani, C&F inaongeza nauli hadi Dar es Salaam, na CIF inaongeza bima ya baharini. Mwulize wakala wako wa forodha ni bima ipi inayokubalika hapa nchini kabla ya kuilipia huko, na uisome ujue inafidia nini. Kuna bima zinazofidia gari likipotea kabisa lakini si kioo kilichovunjika.

Lipa kwa benki, kwenda akaunti yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye usajili wake. Usilipe kwa akaunti ya mtu binafsi, wala kwa akaunti iliyo nchi isiyohusika na muuzaji. Na kuna mtego ambao huwanasa hata waangalifu. Mwalimu mmoja rafiki yangu alifanya kila kitu sawasawa na kampuni halali, kisha siku ya kulipa akapokea barua pepe, yenye nembo ile ile na lugha ile ile, ikimwarifu kwamba benki imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu. Alilipa. Waliomwandikia walikuwa wezi waliokuwa wakisoma mawasiliano yake, na anwani yao ilitofautiana na ya kampuni kwa herufi moja tu. Fedha hazikurudi. Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata dola moja, piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni, si ile iliyo kwenye barua pepe, na uwasomee namba ya akaunti wao wakisikiliza. Taarifa yoyote ya kubadilika kwa akaunti ichukulie kuwa ya uongo hadi sauti ya kampuni yenyewe ikuthibitishie. Ukishalipa, tunza nakala ya muamala kutoka benki na umtumie muuzaji siku hiyo hiyo.

Gari likiwa njiani

Gari lililotumika linapaswa kutimiza matakwa ya ukaguzi wa ubora yanayosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Utaratibu wa ukaguzi huo, ikiwa ni pamoja na mahali unapofanyika, umebadilika zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, basi waulize TBS wenyewe wakati unapoagiza, na usikubali jibu la muuzaji kwamba mambo hayo utayamaliza ukifika.

Meli ikishaondoka Yokohama, Nagoya au Kobe, unapaswa kupokea kwa njia ya kampuni ya vifurushi asili za hati ya meli, ambayo mawakala wote huiita B/L, cheti cha kufutwa usajili pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, ankara, na cheti cha ukaguzi kama gari lilikaguliwa huko Japani. Siku nyaraka hizo zinapofika, keti mezani, uziweke zote kwa pamoja, na usome namba ya chesisi kwa sauti kutoka karatasi moja hadi nyingine, huku mtu mwingine akifuatilia kwa macho. Kosa la tarakimu moja kwenye B/L husahihishwa kwa urahisi meli ikiwa bado baharini. Likigunduliwa bandarini hugeuka siku, na siku bandarini hulipiwa.

Ndiyo sababu pia wakala wa forodha atafutwe mapema. Awe na leseni ya TRA, akupe kwa maandishi mchanganuo wa gharama: kodi, malipo ya bandari, malipo ya wakala wa meli ili akupe hati ya kukabidhiwa mzigo, na ujira wake mwenyewe. Mruhusu aanze kuandaa tamko la forodha kabla meli haijatia nanga. Kodi za serikali zilipe wewe mwenyewe, benki au kwa simu, kwa kutumia kumbukumbu namba ya malipo iliyotolewa na mfumo wa TRA na yenye jina lako. Wakala akikuambia umpe fedha taslimu za kodi kwa kuwa anamjua mtu wa kuzipunguza, chukua nyaraka zako uondoke. Gari lililotolewa kwa kodi isiyotimia linaweza kukamatwa miaka mingi baadaye ukiwa unaliendesha.

Nenda bandarini au bandari kavu ukalione gari kabla halijatoka, hata kama wakala anasema si lazima. Lizunguke ukiwa na picha za Japani mkononi, piga picha mpya za pande zote, na ukague vitu vidogo ambavyo hupotea njiani: redio, tairi la akiba, jeki na spana yake, kifuniko cha mbele cha bampa. Chochote kilichopungua kiandikwe kabla ya kutia sahihi ya kupokea, kwa sababu baada ya geti hakuna atakayekusikiliza.

Wiki ya kwanza

Gari lipelekwe kwa fundi kabla halijakwenda harusini. Badilisha oili ya injini na filta zake, kagua maji ya rejeta, pedi za breki na mkanda, na usome tarehe za matairi: tarakimu nne za mwisho ubavuni huonyesha wiki na mwaka, hivyo 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta neno STUDLESS ubavuni, hayo ni matairi ya theluji, laini mno kwa lami yetu ya moto, na hayafai kwa safari ndefu. Redio ya Japani hushika masafa yanayoanzia megahezi 76 na huishia chini ya zile stesheni nyingi tunazozisikiliza, kwa hiyo kutosikia stesheni yako si ubovu. Kuna kifaa kidogo cha bei nafuu kinachorekebisha hilo.

Gari likishasajiliwa na TRA utapata namba na kadi. Usikimbilie kukata bima siku hiyo hiyo. Fungua boneti, panguza vumbi pale chesisi ilipogongwa, na uilinganishe na kadi tarakimu moja baada ya nyingine. Zikitofautiana, rudi TRA na makaratasi yako yote kesho yake asubuhi, kabla kadi hiyo haijanakiliwa kwenye bima au kwenye mkataba wa mkopo.